Nduthi ya Stima Hupandaje Riat Bila Kuzima? Siri Iko Kwa Mota Yenye Inafikiria Mbele

Ilikuwa kitu saa kumi na moja jioni, Kondele imejaa venye hujaa, na mimi natafuta nduthi ya kunipeleka Riat. Msee mwenye nilipata alikuwa na ya stima. Haina moshi, haina makelele, ni ile sauti tu ya "zzzz" kama friji ya jirani. Kabla nipande akacheki skrini. Betri ilikuwa asilimia 31.

"Omera, hii itatufikisha kweli?" nikamuuliza.

"Itafika. Lakini usiniambie nikimbize. Hapa chini tunaenda pole, ndio huko juu nisilie."

Tukatoka. Kabla ya Mamboleo, jamaa mwingine na nduthi ya stima kama yetu akatupita akiwa amekaza akselereta yote, abiria nyuma ameshika kofia. Mimi nikaona tumeachwa. Mbele kidogo mlima wa Riat ukaanza, na si tukampata huyo jamaa kando ya barabara akienda mwendo wa mtu anatoka sherehe. Mota ilikuwa imepata moto, ikajipunguzia nguvu yenyewe. Sisi tukampita polepole na salamu ya heshima.

Nikafika, nikalipa, lakini swali likabaki kwa kichwa. Nduthi ni zile zile, mlima ni ule ule, mizigo inakaribiana. Tofauti ilikuwa moja tu: msee wangu alianza kuwaza mlima akiwa bado Kondele. Yule mwingine alianza kuwaza mlima akiwa ndani ya mlima.

Sasa skiza. Kuna wataalamu wa mota wamechukua hiyo akili ya msee wangu wakaiweka ndani ya chipu. Inaitwa udhibiti wa kutabiri. Jina linakaa la mtihani, lakini ukiwa umewahi kucheza drafti za vifuniko vya soda, tayari unaijua nusu.

Kwanza, ndani ya mota kuna nini?

Sahau injini ya petroli. Hapa hakuna pistoni, hakuna plagi, hakuna oili ya kumwaga. Mota nyingi za nduthi za stima ni vitu viwili vikubwa: sumaku zenye zimebandikwa kwa sehemu inazunguka, na koili za waya wa shaba zenye zimekaa mahali pamoja. Ukipitisha stima kwa koili, nayo inageuka sumaku. Sumaku zikivutana, ile sehemu inazunguka.

Shida ni moja. Ikishafika penye inavutwa, itasimama hapo na kulala. So lazima mvuto uhamishwe mbele kidogo kila saa, kama mtu anaongoza kuku na mahindi mkononi. Kuku hafikii mahindi, lakini anatembea.

Mwenye anahamisha mahindi ni kontrola, ile boksi ya chuma yenye huwa imefichwa chini ya kiti. Kutoka kwa boksi kuna nyaya tatu nene zinaingia kwa mota. Ndani kuna swichi sita za kielektroniki, mbili kwa kila waya. Kila waya unaweza kuunganishwa upande wa chanya wa betri ama upande wa hasi. Waya tatu, kila mmoja na chaguo mbili: mbili mara mbili mara mbili. Jibu ni 8.

Shika hiyo namba 8, tutairudia. Ukikaza akselereta, hauongezi mafuta. Unaambia tu kontrola, "Nataka mwendo zaidi." Yote yenye kontrola inaweza kufanya duniani ni kuchagua moja kati ya hizo hali nane, halafu ibadilishe tena, na tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Ujanja wote uko kwa swali moja: sai nichague gani?

Style ya kawaida: ngoja kosa, ndio urekebishe

Umewahi kuoga na hita ya instanti kwa keja yenye presha ya maji inacheza? Unafungua, maji baridi. Unapunguza maji kidogo. Bado baridi. Unapunguza tena. Ghafla inakuchoma mgongo, unaruka, unafungua zaidi, inarudi baridi. Unaoga dakika kumi, na tatu kati ya hizo ni za kupigana na mfereji.

Hivyo ndio kontrola nyingi hufanya kazi, japo kwa haraka na adabu zaidi. Inapima mwendo wa sasa, inalinganisha na mwendo wenye umeitisha, inapata tofauti. Hiyo tofauti ndio kosa. Kosa likiwa kubwa inasukuma sana, likiwa dogo inasukuma kidogo. Tena inaweka kumbukumbu ya makosa ya nyuma, ndio kama kosa dogo limekataa kuisha, iongeze nguvu polepole mpaka liishe.

Tusiitukane hii style. Imebeba viwanda vya dunia nzima kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi Mjerumani Felix Blaschke, akiwa Siemens, alisaidia kuiboresha kwa kuonyesha venye unaweza kutenganisha karenti ya mota ikawa sehemu mbili, moja ya sumaku na moja ya nguvu ya kuzungusha, uzidhibiti kila moja peke yake. Mpaka leo, nduthi nyingi za stima zenye unaziona zinaendeshwa na watoto wa hiyo idea, ama na kitu rahisi kuliko hiyo. Nasema mapema ndio mtu asikuuzie nduthi akikuambia ati ina ubongo wa roketi.

Lakini shida yake ni ya kimaumbile. Hii style haiwezi kufanya kitu mpaka kosa litokee. Mlima lazima kwanza ukurudishe nyuma ndio ijue kuna mlima. Abiria mwenye gunia la omena lazima kwanza akae ndio ijue kuna gunia. Halafu ikirekebisha, wakati mwingine inapitisha kipimo, inarudi, inapitisha tena, kama wewe na ile hita.

Huko kuyumba ni kupoteza chapaa. Fanya hesabu na mimi. Joto kwa waya wa mota linafuata karenti mara karenti. Tuseme mota moja inatumia ampea 20 bila kuyumba: 20 mara 20 ni 400. Nyingine inaruka kati ya 10 na 30. Wastani wake bado ni 20, sindio? Lakini 10 mara 10 ni 100, 30 mara 30 ni 900, na wastani wa hizo mbili ni 500. Robo nzima ya joto zaidi kwa wastani ule ule. Hilo joto umelilipia wakati wa kuchaji, na halijakusongesha hata mita moja.

Style ya kutabiri: kaa kwa ubao wa drafti

Twende sasa kwa kivuli chochote hapa Dala penye wazee wanacheza drafti. Mchezaji mbaya anasukuma kifuniko halafu ndio anaangalia kumetokea nini. Mchezaji mzuri anafanya vingine. Anaangalia ubao venye uko. Kwa kichwa anajaribu kila hatua yenye anaweza: nikienda hapa, nitaliwa, nikienda pale, nitapata mbili. Anachagua yenye inaumiza kidogo kuliko zote. Anasukuma kifuniko kimoja tu. Mwenzake akicheza, anatupa mpango wa kwanza, anaangalia ubao upya, anaanza hesabu tena.

Umemaliza kusoma udhibiti wa kutabiri. Serious. Kontrola ya aina hii inafanya hivi:

Kwanza, inapima hali ya sasa: karenti kwa zile nyaya, mota imezunguka mpaka wapi, inaenda mwendo gani.

Pili, ina mfano wa mota ndani ya chipu. Sio picha. Ni hesabu: upinzani wa waya ni kiasi gani, sumaku ina nguvu kiasi gani, mzigo una uzito kiasi gani. Kwa hiyo hesabu inajiuliza, "Nikichagua hali ya kwanza, baada ya muda mfupi mbele karenti na mwendo vitakuwa wapi? Na ya pili? Na ya tatu?" Mpaka zote nane.

Tatu, kila jibu inalipatia alama za ubaya. Mbali na mwendo wenye dereva ameitisha? Alama. Karenti imepita kiwango cha kuchoma mota? Alama nyingi sana. Swichi zimegeuzwa mara mingi na hivyo zinapata moto? Alama.

Nne, inachukua hali yenye ina alama chache kuliko zote, inaitumia, halafu inaanza upya.

Mambo ya kushtua ni spidi. Tuseme inarudia hii kitu kila maikrosekunde 50, kipimo cha kawaida kwa hizi kazi. Hiyo ni maamuzi 20,000 kwa sekunde moja. Kila uamuzi una majaribio 8, so ni utabiri 160,000 kwa sekunde. Ukipepesa macho mara moja, mota imeshacheza drafti maelfu ya mara chini ya makalio yako.

Tena kuna kitu kidogo ya kufurahisha. Kuhesabu kwenyewe kunachukua muda, na mota haingojei. Ukimaliza hesabu, ubao umeshabadilika. So kontrola nzuri inatabiri hatua mbili: ya kwanza ni ya penye mota itakuwa hesabu ikiisha, ya pili ndio ya uamuzi. Ni kama kurusha mpira kwa striker mwenye anakimbia. Haurushi penye ako, unarusha penye ataenda kuwa.

Ilitoka wapi?

Wengi watadhani ni kitu ya juzi, ya enzi za AI. Hapana. Ilianza kushika miaka ya 1970, kwa viwanda vya kusafisha mafuta na kemikali. Ufaransa kulikuwa na Jacques Richalet na wenzake, Marekani kulikuwa na wahandisi wa Shell. Kule vitu ni polepole. Tangi kubwa linachukua dakika mingi kupata joto, so hata kompyuta za wakati huo, zenye simu yako ya mkopo inaziacha mbali, zilikuwa na muda wa kukaa na kuwaza.

Mota nayo haina hiyo subira. Chukua mota inazunguka mara 3,000 kwa dakika: hiyo ni mara 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Ilibidi chipu ziwe za haraka na za bei rahisi kwanza. Ndio miaka ya 2000 watafiti, wakiwemo José Rodríguez na timu yake kule Valparaíso, Chile, wakaonyesha venye zile hali nane za swichi zinaweza kujaribiwa moja moja ndani ya chipu, mota ikiwa inazunguka live. Siku hizi kampuni kubwa kama ABB zinatumia akili ya kutabiri kwa mota kubwa za viwandani, zile zenye asilimia moja ya hasara ni pesa ya kujenga ghorofa.

Penye inachapa

Kabla udhani nimeingiza kadi ya uanachama, hii kitu ina shida zake.

Ya kwanza: utabiri ni mzuri kama tu mfano ni mzuri. Waya wa shaba ukipata joto, upinzani wake unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Mota ikitoka digrii 25 asubuhi mpaka 100 katikati ya mlima, upinzani umepanda karibu asilimia 30. Kama chipu bado inaamini ni ile mota ya asubuhi, inacheza drafti kwa ubao wa jana.

Ya pili: mzigo. Chipu haina macho. Haijui umebeba mtu mmoja ama mshkaki wa watatu na jogoo. Dawa yake ni kijanja sana. Mfano unasema, "Kwa nguvu hii nimeweka, mwendo ulifaa kufika hapa." Sensa inasema, "Umefika pale tu." Hiyo tofauti si kosa la kutupa, ni ushahidi. Chipu inasoma tofauti na kukisia, "Lazima kuna mzigo wa kiasi hiki wenye sijauona." Halafu inaongeza huo mzigo kwa utabiri wa hatua ijayo. Hivyo ndio inapata kujua Riat imeanza bila kuona Riat.

Ya tatu: kuwaza mbali ni ghali. Hatua moja ni majaribio 8. Hatua mbili ni 64. Tatu ni 512. Tano ni 32,768. Kumi ni zaidi ya bilioni moja, na una maikrosekunde 50 tu. Kuna mbinu za kutupa mapema njia zenye ni wazi zitapoteza, venye mchezaji mkali wa drafti hata haangalii hatua za kijinga. Lakini bado unahitaji chipu ya maana, na chipu ya maana inapandisha bei ya nduthi.

Hesabu ya Riat

Turudi kwa yule jamaa tulimpita. Hii ni hesabu ya mfano, namba zangu mwenyewe za kukadiria. Nduthi kilo 110, dereva 75, abiria 75, jumla 260. Unaenda kilomita 40 kwa saa.

Kwa tambarare unapigana na hewa na msuguano wa magurudumu, kitu kama nyutoni 90. Hiyo ni kama kilowati moja. Weka mlima wenye unapanda mita 6 kwa kila mita 100, na uzito wenyewe unaongeza kama nyutoni 150. Sasa ni karibu 240, na kwa mwendo ule ule unahitaji kama kilowati 2.7.

Lakini angalia joto. Nguvu ya kuzungusha imepanda mara 2.7, karenti nayo inapanda hivyo hivyo, na joto linafuata karenti mara karenti. 2.7 mara 2.7 ni zaidi ya 7. Mlima mmoja, joto mara saba. Sasa kama ulifika chini ya mlima mota tayari ikiwa moto juu ulikuwa unashindana na matatu, hauna akiba. Kontrola itafanya kazi yake ya mwisho, kukupunguzia nguvu ndio isiungue. Hapo abiria ameanza kuangalia saa.

Msee wangu alifanya ile kitu chipu ya kutabiri hufanya, lakini kwa kipimo cha kilomita badala ya maikrosekunde. Alijua mzigo, alijua mlima, alijua asilimia 31, akachagua mwendo wenye utauma kidogo kuliko yote. Na kwake hii si hesabu ya darasani. Betri ikiisha katikati, safari haijalipwa, abiria ameshuka akitusi, na yeye anasukuma kilo 110 kurudi penye kuna chaji. Siku imeenda.

Huku majini ndio ngori zaidi

Barabarani betri ikiisha unasukuma. Ziwani unasukuma nini?

Na huku kwetu mota za stima zimeshaingia Nam Lolwe. WeTu, yenye ilianzishwa na Siemens Stiftung ya Ujerumani, ina vituo vya sola ufuoni, kuanzia taa za wavuvi wa omena mpaka usafiri wa stima. Kuna ASOBO pia, yenye inaleta mashini za stima za boti kwa wavuvi. Ukitembea Mbita siku hizi, hii si story ya kwenye runinga.

Nilikuwa Dunga wiki fulani nikauliza mzee mmoja mwenye amevua miaka mingi kuliko umri wangu.

"Jaduong', ungechukua mashini ya stima?"

Akacheka kwanza. "Nyathina, petroli ikiwa kwa mtungi naiona. Natingisha, najua imebaki ngapi. Hiyo betri nitatingisha nikisikia nini?"

Sikuwa na jibu pale. Sai ninalo, nusu yake.

Propela kwa maji ina tabia moja kali. Ukiongeza mwendo, nguvu yenye inahitajika haipandi sawa sawa, inapanda karibu na mwendo mara mwendo mara mwendo. Punguza mwendo kwa robo, kutoka kilomita 12 mpaka 9 kwa saa, na nguvu inashuka mpaka karibu asilimia 42 ya ile ya kwanza. Utachukua muda mrefu zaidi, ndio, lakini kwa umbali ule ule umetumia kama asilimia 56 tu ya stima. Kwa maneno ya mtaa: robo ya haraka inakula karibu nusu ya betri.

So kontrola yenye inajua betri imebaki ngapi na nyumbani ni umbali gani inaweza kutabiri, "Kwa mwendo huu hutafika. Kwa huu utafika na akiba." Ikiongeza upepo inakuwa mtaalamu kabisa, na upepo wa ziwa wenyewe una ratiba: usiku na alfajiri unatoka nchi kavu kwenda majini, mchana jua likiwaka unageuka, unatoka majini kuja nchi kavu. Wazee walitumia hiyo ratiba kwa tanga kabla hakuna mashini yoyote. Huo ulikuwa udhibiti wa kutabiri, chipu ikiwa ni kichwa cha mtu.

Halafu kuna gugu maji. Propela ikinaswa kwa gugu, mzigo unapanda ghafla. Mota ya kusubiri kosa itaona mwendo umeshuka na kusukuma zaidi, yaani inajifunga kamba zaidi na kujichoma. Yenye inatabiri inaona kitu tofauti: "Mfano unasema kwa karenti hii mwendo haufai kuwa chini hivi. Huu si mzigo wa maji." Inaweza kukata kabla waya haujaungua. Na wimbi likiinua nyuma ya boti, propela ikabaki hewani, inaona mzigo umepotea na kupunguza kabla mota ipige mbio za bure.

Jaduong' alikuwa sahihi kwa kitu moja lakini. Mashini ikijua itafika ama haitafika, halafu isimwambie mwenye ako ndani ya boti kwa lugha anaelewa, hiyo akili yote ni bure. Anataka kutingisha na asikie.

Kwa nini mimi naandika hii

Niwe mkweli. Hizi vitu nilifaa kuzijua zamani. Nilikuwa chuo nikifanya stima, na kulikuwa na somo la udhibiti wa mota. Tulinakili herufi za Kigiriki kutoka ubaoni semista nzima na sikuwahi kuona mota hata moja ikizunguka. Fee ikakwama, nikatoka, na kwa miaka nikajiambia hiyo hesabu ilikuwa ya watu wengine.

Mpaka nikaona nduthi imekwama Riat na nikaelewa kwa dakika moja kile sikuelewa semista nzima. Herufi zilikuwa zinaongea kuhusu huyo msee. Kumbe ile ya Kigiriki yenye ilikuwa inanipiga chenga ilikuwa mwendo wa gurudumu tu.

Na kuna sababu ya maana ya mbogi yetu kushika hii kitu mapema. Nduthi ya petroli ikiharibika, kuna fundi kila kona, kutoka Kibuye mpaka Nyalenda. Anafungua kabureta, anapuliza, unaenda. Ya stima ikiharibika, tatizo mara mingi liko kwa boksi ya kontrola, na boksi nyingi zimemiminwa gundi ngumu ndani na programu yake imefungwa. Fundi mmoja pale Kondele aliniambia waziwazi, "Mimi nabadilisha boksi nzima tu. Ndani sijui kunaongewa lugha gani." Boksi nzima ni hela ya wiki mingi kwa mtu wa stage.

Mwenye atajua hiyo lugha hapa Kisumu atakuwa na kazi. Na kuanza si ghali venye watu wanadhani. Chipu ndogo ya kuendesha mota na mota ndogo ya kuchezea unaweza kupata kwa pesa ya viatu. Programu za kuiga mota kwa kompyuta, kama Python na Octave, ni za bure. Andika mota yako kwa mistari michache, iambie ipande mlima, uone style gani inayumba na gani inatulia.

Ukienda kuchukua nduthi ya stima, uliza hivi

Moja: mota ikipata joto inafanya nini, inapunguza polepole na kunionya, ama inakata ghafla? Mbili: ile asilimia ya betri inahesabu mlima na mzigo, ama ni ya tambarare tu? Tatu: kontrola ikikufa, kuna mtu hapa Kisumu wa kuifungua, ama inapelekwa Nairobi? Muuzaji akianza kukuonyesha rangi badala ya kujibu, umeshapata jibu.

Na kama tayari unayo na haina hiyo akili ya kutabiri, kuwa wewe hiyo akili. Fika chini ya mlima mota ikiwa baridi. Shika akselereta kwa mkono mmoja mtulivu, usiicheze juu chini. Pima mzigo kabla ya kukubali safari, sio ukiwa katikati.

Wiki jana nilimpata msee wangu tena stage ya Kondele. Nikamweleza hizi zote: hali nane, drafti, mara 20,000 kwa sekunde. Akaskiza mpaka mwisho, akacheki skrini yake, akaniuliza kitu kimoja.

"Sasa omera, hiyo chipu inajua kuna polisi wamesimama pale Mamboleo?"

Haijui. Hiyo bado ni kazi yake.